Dada wa Lindi, usigawe hilo dodoso kwanza

Simama hapo hapo. Umesema wanafunzi wa udaktari wanashuka Lindi mwezi ujao kwa mazoezi, unataka kujaribu mtaala mpya wa kuchukua historia ya mgonjwa, kabla na baada watajaza dodoso "najiamini 1 mpaka 5", na unauliza sampuli iwe ya watu wangapi na utumie programu gani ya takwimu, SPSS au R. Achana na SPSS. Hilo dodoso ndio litakuumiza.

Mimi nilifanya hivyo hivyo huku Mtwara. Kujiamini kukapanda, p ndogo kabisa, yaani kitakwimu haikuonekana ni bahati tu, nikachapa ripoti. Siku ya kutetea mtahini akauliza kitu kimoja tu, umejuaje kwamba wanaweza? Sikuwa na jibu, na ubaya wake hapo hakuna kurekebisha, wanafunzi wameshafundishwa wamesharudi chuoni, hali yao ya kabla huipati tena hata uuze mikorosho yote ya ukoo. Nikaanza upya na kundi la mwaka uliofuata, ada juu ya ada, nauli, posho za watu, vyote mara mbili.

Na aliyeniingiza mkenge ni mtu niliyemlipa! Anajiita mshauri wa utafiti, kumbe dodoso ni lile lile anawauzia wa kilimo na wa ualimu, anabadilisha kichwa tu. Eti "namba zitapanda, usiwe na wasi". Hakuniuliza hata siku moja nataka kujua nini. Watu wa aina hii wanakula hela za wanafunzi na mpaka leo wanadunda mtaani, inaniuma sana.

Sikia dada. Kumuuliza mwanafunzi anajiamini kiasi gani ni sawa na kumuuliza mkulima korosho zake daraja gani bila kuzipima ghalani. Mwaka 2006 Davis na wenzake kwenye jarida la udaktari la JAMA walikusanya milinganisho 20 ya madaktari waliojipima wenyewe na kupimwa na watu wengine, 13 ikaonyesha uhusiano mdogo, au haupo, au umegeuka kinyume. Hao ni madaktari kamili, sembuse mwanafunzi. Tena kabla ya mafunzo hajui asichokijua, anajipa 4, akishafundishwa ndio anaona mapengo anajipa 3, utasema mtaala umewaharibu.

Miller, mtu wa elimu ya udaktari, mwaka 1990 aliweka ngazi nne za kupima uwezo wa daktari: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha, anatenda. Dodoso lako halijagusa hata ya kwanza. Nenda ya tatu, OSCE, ule mtihani wa vituo alioutoa Harden na wenzake kule Dundee 1975, dakika zimepangwa, mgonjwa wa kuigiza, mtahini na chekilisti. Weka vituo kadhaa maana anayefanya vizuri kwenye kifua anaweza kuboronga kabisa kwenye tumbo. Kimoja muweke bibi anayechanganya Kimwera na Kiswahili, analalamika tumbo, uone nani anamuuliza dawa za mitishamba alizokunywa nyumbani. Kwenye kundi langu la pili kuna waliojipa 5 na hawakuuliza dawa yoyote ile, nilisimama pale nikaona kwa macho yangu.

Mtahini asiwe wewe uliyefundisha na asijue nani katoka kundi lipi. Wagawe kwa kura makundi mawili, wapime wote KABLA HUJAFUNDISHA NENO, fundisha la kwanza wakati la pili liko wodi ya watoto, pima wote tena, halafu na la pili lipate haki yake. Kibali cha maadili kiwe mkononi kabla hujampima hata mmoja, na wajue kukataa hakuwapunguzii alama, wewe ni mwalimu wao wataogopa kukukatalia.

Andika chekilisti ya kituo cha kwanza uibandike hapa, naipitia mstari kwa mstari kabla hawajapanda basi.