Maswali yenu: tornado, mabati yaliyong'oka na mtoto asiyelala

Naishi orofa ya sita, Pipeline. Nimeona video za Marekani nikaogopa. Tornado inaweza kuja Nairobi?

Tornado ni nguzo ya upepo inayozunguka kwa kasi kutoka winguni hadi ardhini. Ile ya kufagia mji mzima isikukoseshe usingizi. Huzaliwa katika mawingu mazito ya radi, pale upepo wa juu unapovuma kwa kasi na kwa upande tofauti kabisa na wa chini. Karibu na Ikweta tofauti hiyo huwa ndogo kuliko kwenye nyanda za Marekani. Upepo wa mvua ya radi unaong'oa paa, huo tunao. Muulize msimamizi wa ploti tangi la maji lililo juu yenu limefungwa na nini.

Mdogo wangu ameenda kusoma Missouri. Nimwambie nini?

Mwambie habari za Joplin, mji wa jimbo hilohilo. Jumapili jioni, 22 Mei 2011, tornado iliua watu zaidi ya 150 pale. Ving'ora vilikuwa vimelia mapema. Ila wakazi walikuwa wamevizoea, na wengi walingoja ishara nyingine kabla ya kujificha. Hilo ndilo linaloniuma kila nikilisoma. Kwa hiyo king'ora kikilia asichungulie dirishani wala asianze kupiga simu nyumbani. Ashuke chumba cha chini ya ardhi. Kisipokuwepo, aingie bafu au stoo isiyo na dirisha, orofa ya chini kabisa, akiwa amevaa viatu na kufunika kichwa.

Upepo ulizoa mabati ya ploti yetu yote. Tuanze wapi?

Poleni sana. Anzeni na watu: mlango kwa mlango, nani yupo, nani hajaonekana, hasa wazee na watoto walioachwa peke yao. Waya wa stima ulioanguka msiuguse hata kama taa zimezima. Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199.

Halafu vidonda, na hapa naomba msinipuuze. Kule Joplin watu 13 waliojeruhiwa walishikwa na ukungu hatari (fangasi) ulioingia mwilini kupitia majeraha yenye udongo na vipande vya mbao, na 5 wakafa baada ya kuponea upepo. Aliyechomwa na msumari aoshe kidonda kwa maji mengi safi na sabuni, kisha aende kliniki siku hiyohiyo, adungwe sindano ya pepopunda.

Mkiezeka upya, fundi asirudishe misumari kwenye matundu ya zamani. Na mbao za paa zifungwe ukutani kwa ukanda wa chuma, maana upepo huingia chini ya paa na kulinyanyua zima.

Kwa nini watu hurudi kujenga palepale?

Si wote. Greensburg, mji wa jimbo la Kansas huko Marekani, ulibomolewa karibu wote na tornado 4 Mei 2007, na wengi walihama. Waliobaki walikuwa na mashamba, makaburi na majirani pale. Leo mji huo unatumia umeme wa upepo.

Mwanangu wa miaka saba hataki kulala tangu paa ling'oke. Baba yake anasema ni deko.

Mama, si deko. Usimwahidi kwamba upepo hautarudi, kwa sababu ukivuma wiki ijayo hatakuamini tena. Mwonyeshe jinsi paa lilivyofungwa safari hii, mpe tochi akae nayo kitandani, na arudi shule mapema. Baba yake alale naye karibu siku chache. Mwezi ukipita na bado anashtuka usiku, mpelekeni kliniki mkaombe mshauri wa watoto.