Maswali ya Wasomaji: Chai ya Barafu Isiyo na Ukakasi

Barua nyingi zilizotufikia kuhusu chai ya barafu zinalalamikia jambo lile lile kwa maneno tofauti, kwa hiyo tumeanza na ile iliyolieleza kwa kirefu zaidi.

Swali: Hupenda kuwaandalia wageni chai ya barafu. Huyachemsha majani pamoja na maji kwa muda wa dakika kumi hivi ili rangi ikolee, huiacha sufuria mezani mpaka ipoe, kisha huitia chai katika jokofu. Ikitoka huwa chungu, hukausha ulimi, na badala ya kung'aa huwa imechafuka kama maji ya mto wakati wa masika. Nikiongeza barafu hugeuka kuwa maji matupu. Ninakosea wapi? (Msomaji wa Tanga)

Jibu: Mpendwa msomaji, majani yako hayana kosa, wala jokofu halina kosa, kosa liko katika zile dakika kumi, na tena katika saa nzima ambayo majani yaliendelea kulala ndani ya sufuria pale mezani. Wengi wetu tumelelewa na chai ya maziwa, ambayo majani huchemshwa pamoja na maji, maziwa na pengine tangawizi au iliki, na hakuna anayedhurika kwa kuchemsha huko, kwa kuwa protini za maziwa hushikana na tanini, yaani vile viambato vya majani vinavyokausha ulimi, na kuupunguza ukakasi kabla haujafika ulimini. Chai ya rangi iliyopozwa haina kinga hiyo. Kila dakika ya ziada motoni itaonekana ndani ya bilauri.

Kanuni yetu, basi, ni hii: ukitaka chai iwe na nguvu, ongeza majani, usiongeze dakika. Majani mengi tunayoyanunua madukani, yawe yametoka Mufindi au Kericho, ni zile chembe ndogo nyeusi zilizopondwa, kuchanwa na kuviringishwa kwa mashine, nazo hutoa rangi na ladha upesi mno. Dakika tatu au nne zinazitosha kabisa. Baada ya hapo ladha mpya ni chache, na kinachozidi ni ukakasi.

Kwa lita moja ya chai ya barafu, chemsha nusu lita ya maji, yaepue, kisha tia vifuko vitano vya chai vya gramu mbili mbili, au vijiko vitano vya chai vya majani, vya kufuta na si vya kujaza hadi vilima. Funika sufuria. Dakika nne zikitimia, chuja chai yote mara moja kwenye chombo kingine, na usiyakamue majani kwa kijiko dhidi ya chujio, kwa maana matone hayo ya mwisho ndiyo makali kuliko yote. Chombo hicho na kiwe sufuria au jagi la chuma, si jagi la kioo cha kawaida ambalo linaweza kupasuka linapokutana na chai ya moto na barafu kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye barafu, mahali ambapo watu wengi hukadiria kwa macho wakapotea. Nusu lita ya chai iliyotoka tu motoni huhitaji karibu nusu kilo ya barafu ili ifikie ubaridi wa jokofu, na barafu hiyo itayeyuka karibu yote. Ndiyo sababu tumetumia nusu ya maji tu kuivishia majani: nusu nyingine ni ile barafu. Asiye na barafu nyingi kiasi hicho aongeze nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupozwa mara tu baada ya kuchuja, aiache chai ipoe mezani, ndipo aipeleke katika jokofu na kuacha vipande vichache vya barafu kwa ajili ya bilauri.

Ama kuhusu kuchafuka kwa chai, hiyo haikuwa imeharibika. Chai inapokuwa moto, kafeini na zile rangi za majani huelea zikiwa zimeyeyuka kabisa. Ikipoa, hushikamana na kuwa chembe ndogo sana zinazozuia mwanga kupita. Kadiri chai ilivyo kali, na kadiri maji yalivyo magumu, ndivyo ukungu huo unavyokuwa mzito, na kwa hiyo wanaotumia maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika huusumbukia zaidi kuliko wengine. Ukiwa na shaka, mimina chai hiyo kidogo katika kikombe, uiongezee maji yanayochemka: ikirudi kung'aa mbele ya macho yako, ni ukungu wa ubaridi tu. Chai yenye harufu ya uchachu au inayovutika kama ute ni jambo jingine, nayo imwagwe.

Ndimu huongezwa mwishoni, chai ikiwa baridi tayari, ili harufu yake isiruke na mvuke. Usishtuke ukiona rangi inafifia kutoka wekundu wa mbao hadi manjano. Asidi ndiyo inayoibadilisha rangi, na nguvu ya chai haijapungua.

Swali: Hata nikoroge namna gani, sukari hulala chini ya jagi. Je, niongeze sukari au nibadilishe aina? (Msomaji wa Mombasa)

Jibu: Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Sukari huyeyuka polepole katika kinywaji baridi, kwa hiyo itie mara tu baada ya kuchuja, chai ikiwa ingali moto, kama wafanyavyo watu wa majimbo ya kusini mwa Marekani, ambao chai baridi yenye sukari ni kinywaji chao cha kila siku. (Husemwa mara nyingi kwamba kinywaji hiki kilibuniwa katika maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904, lakini maelekezo ya kukiandaa yalikuwa yamekwisha kuchapishwa katika kitabu cha mapishi ya Virginia mwaka 1879. Maonyesho yalikitangaza tu.) Ikiwa wageni wako hutofautiana katika utamu, tengeneza shira kwa kuchemsha kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji hadi iyeyuke, uiache ipoe, kisha uiweke mezani kila mtu ajipimie. Ukitaka iliki, mdalasini au mchaichai, vichemshe ndani ya shira hiyo hiyo, kwa kuwa viungo hivyo, tofauti na majani ya chai, havidhuriki kwa kuchemka.

Swali: Nimesikia kwamba inawezekana kuweka majani na maji katika chupa ya kioo na kuianika juani mpaka chai iive yenyewe. Jua la kwetu Dodoma ni kali. Je, inafaa? (Msomaji wa Dodoma)

Jibu: Hatuishauri. Hata juani, maji ya chupa huishia kwenye vuguvugu ambalo halitoshi kuua vijidudu, na badala yake huwapa baadhi yao makao mazuri ya kuzaliana kwa saa kadhaa. Kama unachotafuta ni chai laini isiyohitaji moto, ifanye kinyume chake: tia gramu 10 za majani katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, funika, weka katika jokofu usiku kucha, uchuje asubuhi kwa kitambaa safi kwa kuwa zile chembe ndogo hupenya chujio la kawaida. Maji baridi hutoa tanini na kafeini kidogo kuliko maji ya moto, kwa hiyo chai hii haikwaruzi ulimi na ni nadra kuchafuka. Binafsi naiona kuwa bora kuliko ile ya moto kwa majani ya bei nafuu, ingawa harufu yake ni pole zaidi. Imalizwe ndani ya siku moja au mbili.

Swali: Sina jokofu. Je, ninaweza kununua barafu ya madonge inayouzwa sokoni nikaitia ndani ya chai? (Msomaji wa Lindi)

Jibu: Ndani ya chai, hapana, isipokuwa una hakika kwamba imegandishwa kutokana na maji salama, kwa sababu barafu ya kuhifadhia samaki haitengenezwi kwa ajili ya kunywewa, na ubaridi hauui vijidudu. Itumie nje ya chombo: ivunje, iweke katika beseni pamoja na konzi moja ya chumvi, kisha simamisha humo sufuria ya chai iliyofunikwa na uizungushe mara kwa mara. Chumvi huifanya barafu ipoe chini ya nyuzi sifuri, na chai ya vuguvugu itapoa haraka kuliko unavyodhani. Mtungi wa udongo nao husaidia kupoza maji ya kuongezea, lakini kwa unyevunyevu wa pwani usiutarajie ufanye kazi kama unavyofanya bara kulikokauka.

Swali: Nimeletewa zawadi ya chai ya zambarau kutoka Kenya. Je, inafaa kwa barafu, na je, niiongeze maziwa? (Msomaji wa Muscat)

Jibu: Inafaa sana. Aina hiyo, inayojulikana kwa namba TRFK 306/1, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, na majani yake yana rangi ile ile inayopatikana katika kabichi nyekundu. Yaloweshe katika maji yaliyotulia dakika chache baada ya kuchemka, uyachuje mapema, uipoze, kisha kamulia ndimu mbele ya wageni wako waone inavyogeuka kuwa na wekundu wa waridi. Maziwa usiyatie: yatauficha wekundu huo, na yakikutana na ndimu yatakatika.