Masikio ya fundi: barua kwa mwanangu Zuhura

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Zuhura,

Ile sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu. Unasema umemkuta mwanao Idi bafuni, kasimama juu ya kigoda mbele ya kioo, kajibandika masikio kwa selotepu mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Ukaniuliza mambo mawili: umpeleke akafanyiwe upasuaji wa kuyalaza masikio yaliyotokeza kama yetu, na mbona wewe sikukufanyia?

Nianze na la pili, ndilo linaloniuma. Sikujua kama kuna upasuaji wa namna hiyo, na hata ningejua, pesa ningetoa wapi? Lakini kuteseka kwako nilikujua. Ulikuwa ukirudi kutoka madrasa unalia kwamba wamekuita Sufuria, mishikio miwili, nami nacheka, nachomeka penseli nyuma ya sikio langu na kukwambia, "Haya ni masikio ya fundi, hayaangushi penseli." Ulipoanza kuvaa mtandio ukanyamaza, nikadhani mtandio umemaliza kazi. Nisamehe, mama.

Sasa Idi. Jana alikuja dukani daktari mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kupimwa suti. Nikamuuliza huku nampima mabega. Akaniambia masikio kama yetu si ugonjwa, na kusikia yanasikia sawasawa. Ila ule mkunjo wa gegedo, ile sehemu ngumu ya sikio inayopindika, ambao wenzetu wanazaliwa nao, sisi haukujikunja vizuri, au bakuli la sikio limekuwa na kina kirefu, basi sikio likatokeza. Wanachofanya ni kupasua kwa nyuma, pale sikio linapokutana na kichwa, wakalikunja gegedo na kulishika kwa nyuzi. Wengine hulikwaruza kwanza ili lilainike. Nikamwambia, hayo si marinda? Akacheka: ndiyo fundi, ila kitambaa chako hakitoki damu.

Kwa umri, Idi amefika. Hawapendi kumgusa mtoto aliye chini ya miaka 5, gegedo bado laini na sikio linakua. Huyu ana 7. Mtoto hulazwa kwa nusukaputi, mtu mzima kama wewe anaweza kupigwa ganzi tu. Kazi yenyewe ni saa moja, mbili. Kisha bandeji kichwani kama wiki nzima, na baada ya hapo utepe wa kichwa wakati wa kulala kwa wiki kadhaa, asije akageuka usingizini akalikunjua sikio. Na mpira ataacha kwa muda. Hapo ndipo utakapokuwa na kazi, nakujua mjukuu wangu.

Jambo lenyewe si la juzi. Daktari aliyeitwa Edward Ely alilifanya New York mwaka 1881, kwa mvulana wa miaka 12 ambaye wenzake shuleni walikuwa wakimcheka. Nilipoambiwa hivyo niliacha kuandika vipimo.

Lakini kuna kitu daktari wa huko Uingereza hatakijua usipomwambia. Unamkumbuka shangazi yako Mwanaidi? Alitobolewa sikio la kushoto, kidonda kikapona, halafu kovu likaanza kuota. Likawa kama kunazi, gumu, linawasha usiku. Wakalikata, likarudi kubwa kuliko mwanzo, kama kungu. Wanaliita keloidi. Watu weusi tunalipata kuliko wazungu, hufuata ukoo, na masikio ni moja ya sehemu linapopenda kuota. Kwetu limo. Mtazame Idi pale alipochanjwa begani, na goti aliloumia mwaka jana: kovu limelala au limevimba kupita pale palipochanika? Mwambie daktari yote haya kabla hajashika kisu. Damu kuvilia, usaha, sikio moja kupitana na jingine au kurudi lilivyokuwa, hayo atakueleza mwenyewe. La Mwanaidi ni letu.

Bibi yako naye alijaribu, unajua? Alinifunga masikio kwa kilemba usiku kucha. Daktari anasema hakuwa mjinga: wiki za kwanza gegedo la mtoto ni laini kwa ajili ya homoni za mama yake zilizobaki mwilini, na leo wako wanaolinyoosha kwa kifaa na plasta bila kupasua. Kosa la bibi ni kwamba alianza nikiwa natambaa.

Kuhusu pesa, muulize daktari wako hapo Birmingham kama serikali itamlipia. Nasikia kwa mtoto pengine inawezekana, kwa mtu mzima ni nadra, na kwa binafsi huanzia kama paundi 2,500. Kama ni kubadili umbile alilotuumba nalo Mungu, muulize mwenye elimu. Mimi ni fundi cherehani.

Ninachokuomba ni kimoja. Usimpeleke kwa sababu wewe uliitwa Sufuria. Kaa naye, umwulize anataka nini, na ukishamuuliza nyamaza, umwache aseme. Akitaka, nenda, mchango wangu nitatuma. Akisema alikuwa anacheza tu, mwangalie tena baada ya mwezi, kwa sababu wewe pia uliniambia ulikuwa unacheza.

Nitapiga Ijumaa baada ya sala. Mwambie achague mwenyewe kama babu amwone uso au asikie sauti tu.

Baba yako