Kuhusu Idi na mpira: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Ama baada ya salamu, sisi huku Minneapolis tu wazima. Mama yako goti limepoa kidogo, anakusalimu wewe, mumeo na watoto wote. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema kocha wa shule ya huko Houston anamtaka mwanao Idi kwenye safu ya ulinzi ya mpira wa Kimarekani, baba yake amekubali, wewe unaogopa, na unataka nikwambie: acheze au asicheze?

Kwanza nikuulize mimi. Idi anasoma nini muhula huu? Umeniandikia urefu wake, umeniandikia uzito wake, hata namba ya jezi aliyoahidiwa umeniandikia. Masomo hukuyataja.

Najua mumeo akisoma hapa atacheka na kusema mzee ameanza na Alan Page wake. Ndiyo, naanza naye, yule mlinzi wa zamani wa Vikings, timu ya hapa Minnesota. Wewe umekua ukilisikia jina hilo nyumbani kwetu, lakini Idi hajasikia lolote, na barua hii nataka umsomee.

Nilifika Minnesota mwaka 1976 kutoka Tanga, mchezo huu siujui hata kidogo. Januari 1977 wenzangu wa bwenini wakanikalisha mbele ya televisheni tutazame fainali ya Super Bowl, Vikings na Raiders. Hukumbuki, hukuwa umezaliwa, ila kaka yako Hamisi nimemsimulia mpaka amechoka: Fred McNeill wa Vikings aliruka akauziba mpira wa teke wa Ray Guy wa Raiders, mtu ambaye hakuwahi kuzibiwa tangu aingie ligi ile, kisha akaudaka yadi 3 tu kutoka kwenye mstari wa goli wa Raiders. Bweni zima lilisimama, nami nikasimama bila kujua kwa nini. Muda si muda Vikings wakaupoteza mpira pale pale mlangoni. Wakafungwa 32 kwa 14. Ilikuwa fainali yao ya nne na hawakuwa wameshinda hata moja.

Katika timu ile, mtu niliyejifunza kumwangalia ni Page, jezi namba 88. Kazi yake ilikuwa ya katikati ya safu ya ulinzi: anasimama uso kwa uso na majitu yenye kazi ya kumzuia, na mpira ukianza tu inambidi awapite amfikie mtupaji kabla hajautupa. Wengi hutegemea ubavu. Page alitegemea wepesi. Alikuwa ameshaondoka mwenzake hajainua mikono. Mwaka 1971 walimchagua mchezaji bora wa ligi nzima. Hakuna mlinzi aliyewahi kupewa heshima hiyo kabla yake, na baada yake amepata mmoja tu, Lawrence Taylor, mwaka 1986. Alicheza misimu 15, mechi 218 mfululizo, bila kukosa hata moja.

Haya yote Idi anaweza kuyapata kwenye simu yake. Ninalotaka ajue ni kwamba mtu huyo, akiwa bado anagongana na majitu kila Jumapili, alikuwa mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu cha Minnesota. Akapata shahada yake mwaka 1978. Mwaka huo huo Vikings wakamwacha. Unajua sababu? Mkewe Diane alianza kukimbia ili aache sigara, Page akawa anakimbia naye, akapenda, akapungua uzito. Kocha Bud Grant akaona amekuwa mwembamba mno kwa kazi ile. Chicago Bears wakamchukua kwa ada ya dola 100. Dola 100, Zuhura! Mchezaji bora wa ligi. Nilikuwa naosha vyombo kwenye jiko la chuo redio ilipotangaza, na mpishi, Mzungu mtu mzima, akazima redio kwa hasira. Sikuwahi kuwasamehe.

Lakini Page alicheza Chicago hadi 1981, na mwaka 1979 akamaliza mbio za marathoni akiwa bado mchezaji wa ligi, jambo ambalo mchezaji mwingine hakuwa amelifanya. Mwaka 1992 watu wa Minnesota wakampigia kura awe jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, Mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho. Alikikalia mpaka 2015, sheria ya umri wa miaka 70 ilipomtoa. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema: mpira una mwisho, na mtu asingoje ufike mwisho ndipo atafute la pili.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda Oktoba kutazama marathoni, njia inapopita karibu na kwao Page? Anasimama pale na lile tarumbeta kubwa linalovaliwa begani, anawapigia wakimbiaji, naye bado jaji. Ulikuwa mdogo, ukakiona kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kilichotegulika uwanjani kikabaki kimechomoza pembeni kama tawi. Ukamuuliza mama yako kama kinauma. Njia nzima ya kurudi ulikuwa umekikunja kidole chako vile vile. Siku ile nilifurahi sana.

Sasa nikueleze la Hamisi, maana naona umelisahau au ulikuwa mdogo mno. Alipokuwa sekondari alicheza safu hiyo hiyo anayotakiwa Idi. Tuliitwa shuleni. Kocha wake alikuwa na karatasi ya ratiba mezani, akachukua kalamu, akapitisha mstari juu ya hesabu, taratibu, akasema kipindi kile kingefaa zaidi kwa mazoezi ya vyuma. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Hamisi, na Hamisi akatabasamu. Ule mstari ninauona mpaka leo. Nikamwambia arudishe hesabu. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kijana ana kipaji na wazazi wageni huchelewa kuelewa. Nikarudia: rudisha hesabu. Ikarudishwa, na kaka yako akawekwa benchi, akaninunia mpaka chakula akawa anakula chumbani kwake.

Page mwenyewe aliwahi kulisema jambo hili mbele ya watu. Mwaka 1988 alipoingizwa kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huu kule Canton, Ohio, mji aliozaliwa, jumba ambalo ujana wake alifanya kibarua katika ujenzi wake, hakumwita kocha amtambulishe. Alimwita mwalimu mkuu wa sekondari moja ya Minneapolis, mwanamama Mweusi, Willarene Beasley. Kisha akasimulia kikao kimoja cha timu ambamo wachezaji walitakiwa kusoma kwa sauti kitabu cha mbinu za uwanjani, na baadhi ya wenzake wakashindwa kusoma. Watu wazima, waliopita sekondari, waliopita chuo kikuu! Kila mwalimu aliwapitisha kwa kuwa walikuwa wanajua kugongana. Nilipoyasoma maneno hayo sikujua kwamba miaka michache baadaye nitakaa mbele ya meza moja nione yanavyoanza.

Hata hivyo, mwanangu, lazima niwe mkweli kwa Hamisi pia. Nikimuuliza leo anasema mpira ndio uliomfundisha kuamka alfajiri, na marafiki zake wa kweli wote ni wa timu ile. Siwezi kumkatalia. Nawaona wakija hapa kwangu, wanaume wenye mvi, wanamwita mama yako mama.

Na kuna Fred McNeill, yule aliyetusimamisha bwenini. Huyu ndiye anayenikosesha usingizi tangu ujumbe wako ufike. Alifanya yote niliyokuwa nikiwahubiria. Alianza shule ya sheria akiwa bado mchezaji wa Vikings, akamaliza, akawa wakili. Hakungoja mpira ufike mwisho. Kisha kumbukumbu ikaanza kumtoka, kazi ikamshinda, akafariki mwaka 2015 akiwa na miaka 63. Picha za ubongo wake zilizopigwa akiwa hai zilionyesha dalili za ugonjwa ule wa kichwa kugongwagongwa miaka mingi, ambao madaktari wanauita CTE, na uchunguzi baada ya kifo ukathibitisha. Wawili hawa walivaa jezi moja, kwa kocha mmoja, wakagongana na watu wale wale. Mmoja alihukumu kesi mpaka miaka 70. Mwenzake vitabu havikumkinga.

Najiambia McNeill alicheza nafasi nyingine, alikuwa anakuja mbio kutoka nyuma ya safu. Halafu najijibu kwamba mtu wa katikati ndiye anayegongwa kila mpira unapoanza, kwa hiyo hoja hiyo haina miguu. Najiambia siku hizi shule zina sheria: mtoto akigongwa kichwa anatolewa, harudi mpaka daktari amruhusu. Halafu namkumbuka kocha na kalamu yake, najiuliza ni nani atakayemtoa Idi uwanjani mechi ikiwa ngumu.

Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi. Mama yako amesoma mpaka hapa na amenikataza kuliandika. Anasema mtoto ana baba yake na mama yake. Ana haki. Lakini msitie sahihi kabla hamjakutana na kocha nyote wawili, Idi akiwepo. Mwulizeni mazoezi ya kugongana ni siku ngapi kwa wiki. Mwulizeni mwenye neno la mwisho mtoto akiumia kichwa ni yeye au ni mtu wa tiba. Na mwombeni awaonyeshe ratiba ya masomo ya mchezaji wa mwaka wa mwisho, muone hesabu ipo au imekatwa.

Ya Idi nitumie mimi, ratiba ya darasani, si ya mechi. Naye aniandikie mwenyewe, kwa Kiswahili, aniambie kwa nini anaitaka nafasi ile. Akieleza vizuri, nitanunua tiketi ya ndege nije nimtazame, hata kama moyo wangu hautaki.

Wako,
Baba