Kabla kijana hajaandikwa maelezo: kwa wasaidizi wa kisheria wanaoanza Kigoma

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii, migogoro mingi ya viwanja, mirathi na matunzo ya watoto mtaimaliza palepale ofisini kwenu. Kesi ya jinai inayomhusu kijana ni jambo jingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua kama watu wa kuelimisha na kuelekeza, si wa kusimama mahakamani kumtetea mtu. Kwa hiyo mnachotakiwa kukijua mapema ni lini jambo limewazidi na linahitaji wakili.

Wazazi wengi humtafuta wakili hukumu ikiwa imekaribia. Wakati huo jambo kubwa zaidi limeshapita, nalo ni maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yaliyoandikwa kituoni baada ya kuonywa kwamba asemayo yanaweza kutumika kama ushahidi. Mama akija kuwaambia kwamba mwanawe amekamatwa Kibirizi kwa tuhuma za kuiba injini ya boti, msianze kuuliza nani ana chuki na familia. Ulizeni amekamatwa saa ngapi, na kama ameshaandikwa maelezo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu akamatwe, na muda huo unaweza kuongezwa. Sheria hiyohiyo inampa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Wakili akipatikana ndani ya saa hizo, msaada wake ni mkubwa kuliko atakaoweza kuutoa mwezi mmoja baadaye. Maungamo ya hiari mbele ya polisi hupokelewa kama ushahidi, na kuyakana mahakamani ni kupanda mlima.

Hapa kwetu kuna jambo linaloniumiza sana. Mtoto wa kijijini aliyelelewa kwa adabu habishani na mtu mzima. Afande akimwambia, "Kwa hiyo ulikuwepo," ataitikia "ndiyo" kwa heshima tu, na itaandikwa hivyo. Ndiyo maana mzazi au afisa ustawi wa jamii awepo wakati wa mahojiano, na kama kijana hakimudu vizuri Kiswahili, aombewe mkalimani. Kituoni semeni hayo kwa upole, lakini msiondoke bila kuyasema.

Kisha umri. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na mtoto hapewi adhabu ya kifungo. Kesi yake husikilizwa na mahakama ya watoto, faragha, afisa ustawi akiwepo, isipokuwa shitaka la kuua ambalo huenda kwingine. Kanuni ya Adhabu nayo inasema aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai kabisa. Ulinzi wote huo hupotea pale hati ya mashtaka inapoandikwa "miaka 19" kwa sababu kijana ni mrefu au hajui mwaka aliozaliwa. Tafuteni cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au kumbukumbu za shule ya msingi. Vikikosekana, mzazi aape kiapo. Umri ukibishaniwa, wakili aitwe siku hiyohiyo.

Aitwe pia, bila kusubiri lolote, kwa shitaka la kuua, unyang'anyi wa kutumia silaha, ubakaji au kumpa mimba mwanafunzi. Hili la mwisho vijana wengi wa bodaboda hawalijui: tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Elimu, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Kijana atasema walikubaliana, lakini ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 si utetezi. Wazee wakikaa kuyamaliza kifamilia kwa ng'ombe au fedha, msikae nao. Msichana huyo naye ni mtoto, ana haki ya kusikilizwa na kupata mtu wake wa kumsaidia, ambaye asiwe ninyi mnaomsaidia mtuhumiwa.

Kwa ugomvi mdogo wa kijiweni, mara nyingi inatosha mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtendaji. Dhamana haiuzwi, waambieni wazazi hivyo.

Mwelezeni kijana, kabla hajapanda kizimbani, asijibu "ni kweli" ili mambo yaishe upesi. Aliyekiri kosa mahakamani kwa kawaida hukata rufaa dhidi ya adhabu tu, si dhidi ya kutiwa hatiani.

Familia ikikosa fedha, nendeni kwa msajili msaidizi wa msaada wa kisheria kwenye halmashauri, au kijana amweleze hakimu kwamba hana uwezo, kwani mahakama inaweza kuagiza apewe msaada. Mwenye shitaka la mauaji hupangiwa wakili na serikali kesi ikifika Mahakama Kuu, ila kufika huko huchukua muda mrefu, na maelezo yatakuwa yameandikwa zamani.

Akitiwa hatiani, hesabuni siku. Kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Nakala hiyo iombwe kwa barua siku hukumu inaposomwa, na barua yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwenye faili lenu.