Mhusika wako hakuruka na mwavuli: ushauri kwa mwandishi wa riwaya ya Burma

Msomaji ametuletea sura ya kwanza ya riwaya yake: askari wa Keya (KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki), mwaka 1944, anaruka na mwavuli usiku na kunasa juu ya mti huko Burma. Inasisimua, ila haikuwa hivyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliyokuwamo Keya, ilishuka bonde la Kabaw kwa miguu, mvua ikiwanyeshea. Kilichotoka angani ni chakula na risasi. Ukitaka walioshushwa nyuma ya Wajapani, mwandike Chindit, yaani askari wa kikosi maalumu cha Jenerali Wingate wa Uingereza. Na hao nao wengi hawakuruka, walitua.

Usiku wa tarehe 5 Machi 1944, kila Dakota (ndege ya uchukuzi) ilivuta glaida mbili, ndege zisizo na injini, kwa kamba za nailoni. Glaida zilijazwa kupita kiasi, kamba zikakatika, kadhaa zikaanguka njiani. Zilizofika Broadway, jina la siri la uwanja wa kutulia msituni, zilikuta mitaro imefichwa na nyasi, alama za magogo ya misaji yaliyokokotwa hapo. Magurudumu yaking'oka, glaida inabaki njiani, na inayofuata inaivamia, maana haina injini ya kupaa tena. Anzia hapo. Usiku uliofuata Dakota zenyewe zilitua, kwa kuwa matingatinga madogo yaliyokuja ndani ya glaida yalisawazisha uwanja.

Kisha mpe mhusika mzigo. Shanta lenye chakula cha siku tano, pamoja na silaha, lilikaribia kilo 30, na mtu akiketi chini alihitaji kuvutwa ainuke. Chakula cha siku kilikuwa vipaketi vitatu: kopo dogo la nyama au jibini, biskuti, sukari, sigara. Kilibuniwa kwa siku chache tu; wao wakakila miezi, wakakonda. Redio na mashine ya kuchajia betri vilibebwa na nyumbu (chotara wa punda na farasi, si wa mbugani) waliokatwa nyuzi za sauti wasilie. Nyumbu akifa, redio inabebwa na nani? Hiyo ni sura nzima, jamani.

Risasi zilishushwa kwa miavuli, lakini nafaka ya nyumbu ilitupwa hivihivi, gunia ndani ya gunia kubwa zaidi, la ndani likipasuka la nje lizuie. Gunia kama hilo likimpata mtu linamuua, kwa hiyo mhusika asikimbilie katikati ya uwanja akishangilia ndege.

Na Waingereza wako wasiwe weupe. Kidonge cha mepakrini cha kila siku, cha kuzuia malaria, kiliwageuza ngozi kuwa ya manjano.