4294967297 si namba tasa

Umeuliza kama 4294967297 ni tasa kwa kuwa 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni tasa: hizo ni 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16 ukiongeza 1, na hii ni ya kipeo cha 32. Hapana. Mwanahisabati Fermat naye aliamini ni tasa katika karne ya 17, lakini mwaka 1732 mwenzake Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6700417.

Huhitaji kompyuta. Kigawo chochote tasa cha namba hii, yaani 2^32 + 1, lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Kwa hiyo unajaribu namba tasa za aina hiyo tu: 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu, umefika!

Ninachokipenda zaidi ni uthibitisho usiohitaji kuigawanya namba yenyewe. 641 ni 5 × 2^7 + 1, hivyo 5 × 2^7 ukiigawa kwa 641 inabakiza -1, yaani imepungua 1 tu kufikia 641. Ipandishe kwa kipeo cha nne: 5^4 × 2^28 inabakiza 1. Lakini 641 pia ni 5^4 + 2^4, maana yake 5^4 unaweza kuiweka -2^4. Unapata -2^32 inabakiza 1, basi 2^32 + 1 inagawanyika kwa 641 bila baki.

Hizo mbili, 641 na 6700417, zenyewe ni tasa.